Shati la Mzee Asajile

Shati la mwisho ambalo Mzee Asajile alilivaa kwa hiari yake lilikuwa la bluu, la mitumba, zawadi ya mwanawe Jairo, na alilivua njiani kabla hajafika kanisani. Mke wake, Tupokigwe, alipogeuka kutazama kwa nini amechelewa, alimkuta amesimama kando ya barabara ya kijiji chao cha Matwebe, kifua wazi, ukungu wa Juni ukimlowesha, shati amelishika mbali na mwili kama mtu aliyeshika nyoka kwa mkia.

"Asajile! Watu wanakwenda ibadani!"

"Waende."

"Vaa, basi. Wewe ni mzee wa kanisa."

"Linachoma."

"Shati linachoma?"

"Nimesema linachoma. Shika mwenyewe."

Tupokigwe alilishika. Lilikuwa la baridi, limelowa. Alimtazama mumewe usoni kuona kama anatania, akaona jasho limemtoka juu ya midomo katika baridi ile. Walirudi nyumbani kwa njia ya migombani wasije wakakutana na waumini wenzao, mzee mbele kifua wazi, mke nyuma amebeba shati na Biblia.

Maumivu yalikuwa yameanza miezi miwili nyuma, mgongoni, chini ya mbavu za kushoto. Kutoka huko yakazunguka ubavu kama mkanda wa moto, yakaishia kitovuni. Mzee alikuwa amekonda mpaka kola za mashati yake zote zilimzidi shingo, lakini tumbo upande ule wa kushoto lilianza kutokeza kidogo aliposimama. Tangu Jumapili ile hakutoka tena. Alishinda nyuma ya nyumba kwenye kigoda, kifua wazi, na Tupokigwe akamjengea uzio wa majani makavu ya migomba. Majirani waliambiwa uzio ni wa kukinga upepo.

Haukuwa wa upepo. Ulikuwa kwa ajili ya Winfrida.

Winfrida, mke wa Jairo, aliishi hatua thelathini kutoka hapo, na katika miaka tisa ya ndoa hakuwahi kumtazama mkwewe usoni. Mkamwana hamtazami baba mkwe, hakai naye chini ya paa moja, hatamki jina lake. Mzee akija njiani hukohoa, na mkamwana huingia migombani, kanga kichwani, mpaka apite. Vijana wa Tukuyu mjini walikuwa wameuacha mwiko huo na wachungaji walikuwa wameusema vibaya mara nyingi, lakini Mzee Asajile alijibu kwamba kanisa limeshamnyang'anya pombe na mke wa pili, linatosha. Adabu ya ukwe wamwachie.

Na huyo Winfrida ndiye mtu pekee katika ukoo ule aliyejua kitu kuhusu ugonjwa. Alikuwa muuguzi msaidizi Mbeya mjini kwa miaka saba, minne katika hiyo kwenye kliniki ya wagonjwa wa sukari, mpaka ilipobandikwa orodha ya wafanyakazi wa serikali wanaopunguzwa. Alirudi Matwebe kuchuma chai ya familia. Kijijini walimwita Nesi, lakini walilitamka neno hilo kama watu wanavyomwita Tajiri mtu aliyefilisika.

*

"Juba," Winfrida alimwambia mama mkwe wake, akimwita mama kwa Kinyakyusa, jikoni wakimenya ndizi, "sukari ya baba ilipimwa lini?"

"Tangu waanze kutoza hela ya kuandikisha, hajaenda."

"Na vidonge?"

"Anameza siku akijisikia vibaya."

"Akila, maumivu yanazidi?"

"Hayazidi. Yako vilevile."

"Akienda chooni yanapungua?"

Tupokigwe alicheka akifunika mdomo. "Gwe Winfrida! Nimfuate mume wangu chooni?"

"Niulizie tu, juba."

"Vilevile. Ameshasema, ale asile, aende asiende, vilevile."

Winfrida aliacha kumenya. Pale Mbeya daktari wa kliniki alikuwa amewafundisha jambo moja ambalo hakulisahau: mgonjwa wa sukari akilalamika tumbo, na tumbo lenyewe halijali chakula wala choo, usikimbilie kisu, uliza kwanza ngozi.

"Na nguo je? Shati, shuka, vikimgusa hapo..."

Kicheko cha Tupokigwe kilikatika. "Unaniuliza mkweo amevaa nini?"

"Siulizi hivyo, juba. Nauliza ngozi yake..."

"Ngozi ya mkweo!" Kisu cha Tupokigwe kiligonga beseni. "Ya tumbo nimekujibu yote. Ya ngozi huyajui na hutayajua. Mambo ya Mbeya uyaache Mbeya."

Winfrida aliomba radhi. Jibu alilolitafuta lilikuwa limekaa kwenye kigoda hatua kumi kutoka kwenye kisu chake, nyuma ya majani makavu, likitetemeka kwa baridi. Wazee wote wawili wa nyumba ile walilijua, yeye hakulijua. Na yeye ndiye peke yake ambaye lingemfaa.

*

Jairo alikuwa na meza ya mitumba sokoni Tukuyu, akirudi nyumbani mwisho wa mwezi. Ndiye aliyeleta habari za Daktari Ezron. Daktari huyo alikuwa ameacha kazi ya serikali na kufungua hospitali yake mwenyewe katika jengo lililokuwa duka la ushirika. Palipokuwa na magunia ya mbolea sasa palikuwa na vitanda tisa na pazia la maua.

"Pale huambiwi dawa hakuna," Jairo alimtumia mama yake ujumbe. "Mlete baba Jumatatu. Nitawangoja mlangoni."

Mzee alisafiri na shati la bluu begani, limeninginia upande wa kulia tu. Mlangoni mwa hospitali, kabla Jairo hajafika, msichana wa mapokezi alimpima kwa macho toka kichwani hadi miguuni.

"Babu, hapa siyo kilabuni. Vaa shati."

"Mwanangu, nina maumivu..."

"Wote wana maumivu. Wenzako wamevaa."

Kwenye benchi kulikuwa na watu sita, na mmoja alikuwa mwalimu aliyewahi kumfundisha Jairo. Mzee Asajile alivaa. Alifunga vifungo vyote, hata cha shingoni, akakaa wima, mikono magotini. Jairo alipoingia alimkuta baba yake amekaa kama mtu anayengoja kupigwa picha, na alifurahi kuona shati alilomnunulia limempendeza. Hakuona kwamba chini ya benchi vidole vya miguu vya mzee vilikuwa vimejikunja kama vya mtu aliyekanyaga kaa la moto.

Daktari Ezron hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye haraka, na mkopo wa benki. Alimpandishia mzee shati mpaka mbavuni, akabonyeza.

"Hapa?"

"Panauma."

"Na hapa?"

"Kila unapogusa, daktari."

"Simama." Mzee alisimama, na ubavu wa kushoto ukatokeza. Daktari aligonga pale kwa kidole, akamgeukia Jairo. "Umeona mwenyewe. Amekonda kiasi gani?"

"Sana, daktari."

"Amekonda, ana maumivu, ana uvimbe. Unataka nikuambie nini tena?"

"Ana sukari pia. Kidogo."

"Sukari tutaishughulikia. Huo uvimbe hauwezi kungoja."

Alitaja shilingi laki moja na nusu, nusu yake itangulizwe. Mzee alikuwa anafungua kifungo cha shingoni kwa mikono miwili na hakusikia.

*

"Usikubali apasuliwe," Winfrida alimwambia mumewe jioni hiyo, Jairo alipomrudisha mzee Matwebe ili kupanga mambo ya fedha. "Niache nimwone dakika tano tu."

"Umwone nani?"

"Baba."

"Winfrida, una akili? Mama atasema nimeoa mwanamke asiye na mpaka."

"Basi niambie wewe uliyemwona. Nguo zinamuuma? Shati likimgusa analiondoa?"

Jairo alifikiri kwa haki kabisa. "Hapana. Alikuwa amelivaa lile la bluu, vifungo vyote. Alikaa nalo saa mbili, ametulia kabisa."

Winfrida alijiona mjinga. Pengine walikuwa wamempunguza kazini kwa sababu nzuri.

Kipande cha shamba la chai kiliuzwa Alhamisi. Mnunuzi alikuwa Tamimu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mtaa wa Bagamoyo, palepale Tukuyu, ambaye babu yake alikuja kutoka pwani kushona kanzu. Alitembea kati ya mistari ya chai na viatu vyake vizuri, akionekana kuona aibu.

"Mzee wangu hayupo?" aliuliza.

"Amelala," Jairo alisema.

"Mimi sipendi kununua kwa mtu mgonjwa. Lakini nikiondoka atakuja mwingine, na huyo atawapa nusu."

"Tunajua, bwana Tamimu."

"Mkeo anachuma vizuri, nimesikia. Aendelee tu. Nitamlipa kwa kilo."

Jairo alisema ahsante. Hivyo Winfrida, ambaye Jumatano alikuwa mwenye shamba, Ijumaa alikuwa kibarua kwenye mistari ileile, na kikapu kilekile.

*

Walimpasua Jumanne. Ilichukua muda mfupi kuliko walivyotegemea. Daktari Ezron alitoka akikausha mikono, na Jairo na mama yake wakasimama.

"Tumefungua, tumeangalia kila mahali."

"Uvimbe ulikuwa mkubwa?" Jairo aliuliza.

"Tumesafisha."

"Tunaweza kuuona?" Maana watu wengine waliopasuliwa pale walionyeshwa vitu vyao kwenye bakuli, na familia ilikuwa imeuza chai ili nayo ionyeshwe kitu.

"Nimekuambia, kijana, tumesafisha." Daktari alikwisha kuanza kutembea. "Ni mzima huko ndani. Shukuruni Mungu."

Tupokigwe alishukuru. Jairo naye, baada ya kusita, alishukuru. Lakini mkanda wa moto ulikuwa palepale mzee alipozinduka, na sasa kulikuwa na kidonda cha kitovuni juu yake, ambacho kwa sababu ya sukari kilikataa kufunga. Siku ya kumi na moja kilikuwa bado kinatoa maji.

Winfrida ndiye aliyepika na kubeba chakula. Kila mchana alifika dirishani mwa wodi, akageuka nyuma, kanga mpaka puani, akapitisha sufuria la mbalaga, ndizi za kupikwa, kwa mkono mmoja bila kutazama ndani. Wagonjwa wengine walikuwa wamezoea na kumcheka. "Mama Jairo, mkono wa chakula umefika!" walisema.

Siku hiyo ya kumi na moja mkono ulifika, lakini Tupokigwe hakuupokea. Ndani palikuwa na kelele.

"Shuka! Toa shuka, Tupokigwe!"

"Ni kidonda, baba Jairo. Vumilia."

"Siyo kidonda! Kidonda kiko katikati. Ni huku! Huku kwa zamani! Toa, linaniunguza!"

Winfrida alisikia neno lile, linaniunguza, likisemwa juu ya shuka. Aliweka sufuria chini, kwenye tope. Alizunguka jengo, akapita kwa msichana wa mapokezi, na mlangoni mwa wodi akashusha kanga mabegani.

"Winfrida!" Tupokigwe aliruka. "Toka! Mkweo huyo! Toka, mtoto wa watu!"

Hakutoka. Alimtazama baba mkwe wake kwa mara ya kwanza katika miaka tisa. Aliona mwanamume mdogo kuliko sauti yake, na sikio moja kama la Jairo kabisa. Mzee alifumba macho na kugeuzia uso ukutani, kama mtu anayevuliwa nguo barazani.

Winfrida alichukua pamba kwenye sinia la dawa, akaivuta mpaka ikawa uzi. Alimgusa ubavu wa kulia.

"Baba, unasikia nini hapa?"

Mzee alijibu akiwa bado ameelekea ukutani: "Pamba."

Alimgusa wa kushoto. Mzee alikamata chuma cha kitanda na kitanda kikalia. Winfrida alimwinua polepole, akaanzia mgongoni, akaja na pamba ile kidogo kidogo chini ya ubavu. Kila hatua mzee alijikunja. Ilipovuka mstari wa kitovu maumivu yaliisha, ghafla, kama mpaka wa shamba. Juu ya mkanda ule hapana kitu, chini yake hapana kitu. Alichomoa pini ya kanga yake akajaribu kwa ncha, akapata mpaka uleule.

"Tangu lini nguo zinakuuma?"

Aliyejibu alikuwa Tupokigwe, na alikuwa analia. "Tangu Juni. Tangu lile la bluu. Uliponiuliza jikoni."

"Hili siyo tumbo, juba. Tumbo lake lilikuwa zima siku zote. Ni mshipa wa fahamu unaotoka uti wa mgongo na kuzunguka ubavu. Sukari imeuunguza. Hata huko kutokeza siyo uvimbe, ni nyama ya tumbo iliyolegea kwa sababu mshipa wake unaumwa."

"Na kupasuliwa?"

Winfrida alirudisha pini kwenye kanga.

Jibu la swali hilo alimpelekea daktari. Daktari Ezron alimsikiliza amesimama korido, kalamu mdomoni.

"Wewe ni nesi wa wapi?"

"Nilikuwa Mbeya. Nilipunguzwa."

"Waliokupunguza walikuwa na macho," alisema, na wauguzi wawili wakacheka kwa adabu. Lakini jioni hiyohiyo mzee alipimwa sukari na kuchomwa sindano yake ya kwanza ya insulini, na akaandikiwa vidonge vidogo vya kutuliza mishipa. Viliongezwa kwenye hesabu ya hospitali bila maelezo.

*

Kwa sindano na vidonge, kidonda kilifunga, na mshipa ulioungua ukaanza kupoa kama inavyotokea mara nyingi kwa ugonjwa huo, taratibu, mwezi kwa mwezi. Kufikia Desemba Mzee Asajile alivaa shati kwenda ibadani. Alisimama mbele ya kanisa akashuhudia. Alisema maumivu yalimtesa nusu mwaka, akapasuliwa, akapona. Waumini waliimba. Kovu alilionyesha nje, baada ya ibada, kwa waliotaka kuliona.

Jambo la wodini lilijadiliwa na wazee wa ukoo Jumamosi iliyofuata. Winfrida alikaa jikoni akisikiliza hukumu yake kupitia fito za mianzi. Alitozwa mbuzi. Jairo alitaka kusema kitu, akasema nusu, akaenda kununua mbuzi. Nyama ilikuwa nyingi, na kwa kuwa mzee amepona ikawa kama sherehe. Baba mkwe alitoa neno moja tu, na halikuwa la hasira:

"Nilikuwa nimelala, sina shati. Angengoja nivae."

Uzio wa migomba ulijengwa upya, mrefu zaidi.

Katika ukoo ule, Tupokigwe peke yake ndiye aliyeiona pamba ikifanya kazi wodini. Hakulizungumza kamwe. Lakini alianza kumwachia Winfrida ndizi zilizokwisha kumenywa, na asubuhi alisimama mbele ya mumewe na kikombe cha maji mpaka ameze vidonge vyake vyote.

*

Mwezi wa Machi alikuja Ambindwile, ndugu mdogo wa mzee, kutoka ng'ambo ya mto. Naye kwa mila alikuwa baba mkwe wa Winfrida, kwa hiyo alikohoa uani na Winfrida akaingia jikoni.

"Kaka, ugonjwa wako umenipata," sauti ilisema nje. "Mimi ni kulia. Kutoka mgongoni mpaka hapa."

"Umekonda."

"Nimekwisha. Na kiu, kaka! Nakunywa maji mpaka mke wangu ananiambia nihamie mtoni. Tazama, hata shati nimelipandisha, sitaki liniguse."

Jikoni wanawake wawili walitazamana. Winfrida aliinuka, akavuta mto uliokuwa kwenye kitanda cha kamba, akaupasua mshono kidogo na kutoa sufi kidogo.

"Juba," alinong'ona. "Mguse kwa hii. Upande mzuri kwanza, halafu mbaya. Kisha uwaambie tulichoona."

Tupokigwe aliipokea sufi, akajifunga kanga upya, akatoka.

Winfrida alibandika sikio kwenye fito. Alisikia minong'ono, Ambindwile akicheka: "Shemeji, unanitekenya?" Akasikia: "Hapa nasikia kawaida." Kisha likaja yowe, fupi, la mtu mzima aliyeshtuka. Winfrida alifumba macho. Jibu lilikuwa limepatikana, bila kisu na bila shamba.

"Baba Jairo, umeona," Tupokigwe alisema nje. "Ndivyo ilivyokuwa kwako. Siyo tumbo. Ni sukari, inaunguza mishipa. Wampime sukari kwanza. Winfrida anasema..."

"Nani anasema? Nimeuliza, Tupokigwe. Nani anasema juu ya tumbo la ndugu yangu?"

Jina halikurudiwa. Kigoda kilisogezwa. Mzee Asajile aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya huruma, ya mtu aliyekwisha kupita njia hiyo.

"Umesikia mwenyewe ulivyopiga kelele, Ambindwile. Kitu kinachouma hivyo kwa kuguswa na sufi tu, hicho kimeshakuwa kikubwa huko ndani. Usingoje kama nilivyongoja mimi. Nenda kwa Ezron."

"Nina ng'ombe wawili, kaka."

"Mmoja anatosha kutanguliza."

Tupokigwe alirudi jikoni, akakaa, sufi bado iko vidoleni.

"Nimesema," alisema.

"Nimesikia, juba."

Winfrida aliichukua sufi, akairudisha ndani ya mto, akatafuta sindano na uzi, akaanza kushona mshono alioupasua.